Kutoka Mokowe Hadi Mombasa: Safari Moja, Maradhi Mawili



Mara moja kila mwezi, mimi na dada yangu huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Tukishaswali hufunga mikate na chupa ya chai ya tangawizi, kisha tukashuka gatini Lamu wakati punda wa kwanza wanaanza kubeba mawe na mchanga. Kati yetu huwapo mwana wa dada yangu, kijana wa miaka 22, amevaa kofia yake na kubeba mfuko wa mama yake. Tunavuka kwa mashua hadi Mokowe, na Mokowe tunapanda basi la Mombasa. Huu ni mwezi wa 14 tangu tuanze safari hizi, na sababu yake ni moja: kijana wetu aliugua akili, na katika kuugua kwake mlikuwamo bangi na muguka.

Jina lake silitaji. Maneno haya ameyasoma kabla yenu, akanipa ruhusa, na mahali pawili akanisahihisha. Mimi si daktari, nafundisha madrasa. Ninayoyaandika ni tuliyoyaona, pamoja na yale tuliyoelezwa na wauguzi na kuyasoma baadaye. Njia ni ya zaidi ya kilomita 300, nami nitaifuata kituo kwa kituo, kwa kuwa kila kituo kinanikumbusha jambo tulilojifunza kwa kuchelewa, na ningependa mama mwingine alijue mapema.

Mokowe

Kutoka Mokowe barabara inaingia bara kupitia Hindi. Ni barabara iliyoonja mashambulizi, na hadi leo basi husimamishwa kwenye vizuizi, abiria wakateremka na vitambulisho mkononi. Kwetu sote hayo ni usumbufu tu. Kwa kijana wetu, safari ya kwanza, ilikuwa kiama. Alikuwa ameshaamini kwamba askari wanayasikia mawazo yake, na sasa aambiwa ateremke asimame mbele yao. Alikishika kiti kwa mikono miwili, akatetemeka kama mwenye homa.

Kabla ya hapo alikuwa akijifunza kuchonga mbao kwa fundi mmoja wa Langoni, na mkono wake ulisifiwa. Jioni alikaa maskani na wenziwe, wakavuta, wakatafuna. Kisha akaanza kufunga madirisha mchana. Simu yake akaifunika kwa kitambaa. Akamwuliza mama yake nani alikuwa akizungumza darini usiku, na darini hapakuwa na mtu. Aliacha kuoga, aliacha kazi, akawa anacheka peke yake na kusema kwamba watangazaji wa redio wanamsema yeye.

Sisi jamaa tulifanya nini? Upande wa baba walisema ni bangi, aache tu. Bibi yake alisema ni jini. Majirani walisema ni uvivu. Mimi, Mungu anisamehe, nilisema ni mapenzi. Kila mmoja wetu alikuwa na jina la ugonjwa, na hakuna aliyetaja siku ya kwenda hospitali. Ikapita miezi 10.

Wataalamu huiita hali hiyo saikosisi. Maana yake ni kwamba akili hupoteza mpaka baina ya lililo kweli na lisilo kweli: mtu husikia sauti zisizokuwapo, hushika imani ambazo hakuna hoja inayoweza kumtoa, na mazungumzo yake huachana kama ushanga uliokatika uzi. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana hadi katikati ya miaka ya ishirini, yaani umri ule ule ambao vijana wetu huonjeshwa vileo. Ndiyo maana maradhi haya mawili hukutana mara nyingi, na ndiyo maana moja huficha jingine.

Wala si sisi peke yetu tunaochelewa. Marekani ulifanywa uchunguzi mkubwa wa vijana 404 katika kliniki 34, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2015. Ilionekana kwamba nusu ya vijana hao walikuwa wamekaa na ugonjwa zaidi ya wiki 74 kabla ya kupata matibabu yanayofaa. Wiki 74 ni karibu mwaka mmoja na nusu. Waliotibiwa mapema zaidi ndio waliofaidika zaidi na tiba.

Witu

Basi hupita Witu, mji ambao zamani ulikuwa wa makimbilio. Sultani Ahmed Simba, wa ukoo wa Manabahani wa Pate, alihamia huko karne ya 19 kuepuka mkono wa Unguja, na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipata hifadhi humo. Kila nikipita hapo hukumbuka miezi ile tulipokuwa tukitafuta makimbilio yetu.

Tuligonga milango miwili. Wa kwanza ulikuwa wa nyumba ya kuwaachisha vijana ulevi. Walimtazama, wakamsikia akijibizana na mtu asiyeonekana, wakasema: huyu ana wazimu, hatumpokei, mpelekeni hospitali. Tukaenda hospitali. Huko aliyetupokea alinusa nguo zake akasema: huyu avuta bangi, kwanza akaachishwe, kisha mmlete. Dada yangu alisimama barabarani na faili mkononi, akaniuliza, "Sasa mwanangu nimkate vipande viwili, kila mlango niupe chake?"

Swali lake ndilo makala yote haya. Kwa miaka mingi, na katika nchi nyingi, matibabu yaligawanywa namna hiyo: ulevi una nyumba yake, akili ina nyumba yake, na mgonjwa mwenye yote mawili akawa mtu wa njiani. Hoja ya walioyatenganisha si ya kipumbavu. Ni kweli kwamba kuna kijana ambaye akili yake huvurugwa na kileo, na akikaa siku au wiki kadhaa bila kukitumia hutulia. Lakini hakuna awezaye kumtambua kwa kumtazama mlangoni. Na hata huyo aliyetulia hatakiwi kusahauliwa: tafiti zilizowafuatilia watu waliopata saikosisi kwa bangi zimeonyesha kwamba takriban thuluthi moja yao baadaye hugundulika kuwa na skizofrenia, maradhi ya muda mrefu. Kusubiri kwanza aache ni kuucheza mchezo wa bahati na akili ya mtoto.

Njia nyingine ilitafutwa. Huko Melbourne, Australia, mwaka 1992, daktari Patrick McGorry na wenzake walifungua kituo cha vijana walio katika mwanzo kabisa wa saikosisi, wawahiwe kabla maisha hayajabomoka. Na Marekani, katika jimbo la New Hampshire, daktari Robert Drake na wenzake wakaonyesha kwamba maradhi ya akili na ulevi yafaa kutibiwa na kundi moja la watu, mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Mgonjwa asiulizwe aache kwanza ndipo apokewe. Apokewe, na kuacha kuwe sehemu ya matibabu.

Mlango wa tatu tulioupata, Alhamdulillahi, ulikuwa wa namna hiyo. Ni kliniki ya umma, si kubwa. Ina daktari wa maradhi ya akili, muuguzi na mshauri mmoja wa mambo ya ulevi, na watatu hao huketi meza moja na kusoma faili moja. Uko Mombasa, na ndiyo maana sisi tumo ndani ya basi.

Garsen

Tukifika Garsen twauona mto Tana, mpana na mwekundu kwa udongo. Muuguzi wetu alikuwa na mfano mmoja alioupenda: alisema ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini, nayo ni kama maji ya mto. Kwa kiasi chake hustawisha mashamba, na ikifurika huingia majumbani. Dawa za saikosisi hupunguza mafuriko hayo. Muguka na miraa, kwa upande wao, zina kathinoni, kemikali ya kuamsha inayofanana na amfetamini, nayo hufungulia maji yale yale. Basi kijana ameza dawa mchana na atafuna muguka usiku, ni sawa na watu wawili, mmoja ajenga ukingo, mwingine aubomoa. Tena muguka humnyima usingizi, na kukosa usingizi peke yake kwaweza kumrudishia sauti mtu aliyekwisha kupona.

Kuhusu bangi, ushahidi ni wa zamani na umezidi kupata nguvu. Mwaka 1987 huko Sweden zilichapishwa habari za vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini na kufuatiliwa kwa miaka 15. Waliokuwa wameivuta zaidi ya mara 50 kufikia umri wa miaka 18 walipatwa na skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Mwaka 2019, utafiti uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazil ulionyesha kwamba wanaovuta kila siku bangi kali walikuwa karibu mara tano zaidi katika hatari ya saikosisi. Haki ni haki: wengi wavutao hawaugui akili. Lakini hakuna kijana ajuaye kabla kama yeye ni katika wengi au katika wachache. Akishaugua, hesabu hubadilika kabisa, kwani anayeendelea kuvuta baada ya ugonjwa wa kwanza hurudiwa zaidi na hulazwa zaidi.

Mtakumbuka jinsi Mei 2024 gavana wa Mombasa alivyopiga marufuku muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, kisha Mahakama Kuu kule Embu, unakolimwa mmea huo, ikaisimamisha amri. Wakulima walilia riziki yao, na akina mama wa pwani walilia watoto wao. Kesi hiyo si yangu kuiamua hapa. Ninalosema ni kwamba amri ya serikali, iwepo au isiwepo, haimtibu kijana ambaye tayari asikia sauti.

Malindi

Malindi basi husimama, abiria wakala na kuswali. Malindi inajua habari za vileo kuliko miji mingi. Unga uliingia hapa zamani, na tangu mwaka 2015 mji huu una kliniki ya kutoa methadoni kwa waliozoea heroini. Kijana wetu hakufika huko, twamshukuru Mola. Lakini mama aliye na mtoto mwenye yote mawili na ajue kwamba methadoni na dawa za akili zaweza kutolewa pamoja, chini ya jicho la daktari. Asikubali kuambiwa achague moja.

Katika safari yetu ya nne, hapa hapa Malindi, dada yangu alimkuta mwanawe ana mfuko wa muguka. Alimpiga kofi mbele ya watu. Kijana hakusema neno. Aligeuka akaenda zake. Tulimtafuta sokoni na ufuoni hadi baada ya Isha. Kliniki ilitupita, na sindano yake ya mwezi ikampita. Wiki tatu baadaye alilazwa, na safari hiyo alifungiwa madirisha na watu wengine.

Mwezi huu mambo yalitaka kurudi. Tulipotoka kuswali hatukumwona. Dada yangu alisimama kando ya basi, mfuko wake kifuani, midomo ikienda kwa dua. Kijana akaja kutoka upande wa vibanda, mkono mfukoni. Mimi niliuona uso wa dada yangu, nikashika pumzi.

"Umenunua, baba?" akamwuliza, kwa sauti ya kumwuliza mtu kama ameshiba.

"Nimenunua, mama."

"Umetafuna?"

"Bado."

Alinyamaza kidogo. "Haya, panda. Basi laondoka."

Hakuutaka ule mfuko. Mimi ningeutaka, nasema kweli. Tulipopita Gede, miti ikiwa mirefu pande zote, ndipo alipomgeukia.

"Mwanangu, ile muguka hukupa nini? Si ugomvi. Nataka kujua."

Alichukua muda. "Dawa yanifanya mzito. Nakuwa kama mtu aliyelowa. Nikitafuna naamka. Nikikaa na wenzangu nami naonekana mtu."

"Na baadaye?"

"Baadaye silali. Nikikosa usingizi usiku wa pili, wale wanaanza tena."

Wale ni sauti. Dada yangu hakusema "unaona sasa?" wala "nilikwambia". Alimenya chungwa, akampa nusu.

"Wewe mwenyewe wataka nini, baba?"

"Nataka kurudi kuchonga," akasema. "Mkono ukitulia."

Kilifi

Tulivuka daraja la Kilifi hakuna aliyesema tena. Lile daraja lilifunguliwa mwaka 1991; kabla yake watu walisubiri feri, na wazee wetu husema kwamba aliyekuwa na haraka hakuvuka upesi kuliko asiyekuwa nayo. Nikawa nafikiri juu ya chungwa lile.

Dada yangu hakuzaliwa na ulimi huo. Alifundishwa. Baada ya kijana kulazwa, mshauri wa kliniki alimwita mama na mimi kwa vikao sita, akatuambia kwamba nyumba nayo ni dawa au ni sumu. Alitueleza habari za George Brown, mtaalamu wa Uingereza, aliyewafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali za London katika miaka ya 1950 na 1960. Waliorudi katika nyumba zenye lawama nyingi, ukali na kufuatwa-fuatwa kila hatua, walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko waliorudi kwenye nyumba tulivu. Hakumaanisha kwamba mama ndiye aliyeleta ugonjwa. Alimaanisha kwamba mama ana uwezo ambao daktari hana.

Na kuhusu kileo, alitufundisha namna ya kuzungumza iliyotungwa na wanasaikolojia William Miller na Stephen Rollnick. Msingi wake ni mwepesi kuutaja na mgumu kuutenda: mtu aliyevutwa pande mbili, ukimsukuma upande mmoja, yeye atautetea ule mwingine. Ukimwambia muguka ni mbaya, atakutajia uzuri wake. Ukimwuliza kwa haki uzuri wake, atakutajia ubaya wake kwa kinywa chake, na neno lililotoka kinywani mwake lina uzito kuliko mia yaliyotoka kwako. Kwa hiyo uliza, sikiliza, rudia ulilosikia bila kuliongezea chumvi, na utafute kile anachokitaka yeye maishani. Kwa mwanetu ni patasi na mbao. Kwa mwingine ni mke, au mpira, au mtihani aliouacha.

Haya si kusema kwamba nyumba isiwe na mipaka. Dada yangu hatoi pesa za muguka, na havumilii kuvuta mbele ya wadogo zake. Lakini mpaka husemwa mara moja, kwa upole, siku ambayo hakuna ugomvi. Wala hafungiwi chumbani wala kufungwa minyororo, kama nilivyoona ikifanywa kwa watoto wa watu. Mbali na dhuluma, kuna hatari: kijana aliyezoea pombe au tembe za kulevya, akikatiwa ghafla bila usimamizi wa daktari, aweza kupatwa na kifafa na hata kufa.

Mombasa

Tulilala kwa binamu yetu, Kuze, katika Mji wa Kale. Ningependa kuwaandikia kwamba usiku ule kijana aliutupa mfuko baharini. Hakuutupa. Saa tisa za usiku nilimsikia akitembea uani, akenda na kurudi, na nilijua. Dada yangu naye alikuwa macho. Alitoka, akaketi barazani karibu naye, hakusema kitu mpaka adhana.

Asubuhi, mbele ya daktari, kabla hajaulizwa, kijana alisema: "Jana nilinunua muguka Malindi. Nimetafuna usiku."

Daktari alimshukuru. Alimwuliza kwa nini, naye akayarudia yale ya basini: uzito, usingizi wa mchana, kuona haya mbele ya wenziwe. Mwaka mzima daktari alidhani tatizo ni muguka. Sasa aligundua kwamba nusu ya tatizo lilikuwa kiasi cha dawa yake mwenyewe. Alipunguza kipimo, akaihamishia ile ya kumeza usiku, akamwuliza na habari za sigara, kwa kuwa moshi wa sigara hufanya baadhi ya dawa za akili ziishe upesi mwilini. Kisha akamwita mshauri, wakaketi wote.

Hawakumlisha kiapo cha kuacha milele. Walikubaliana jambo moja dogo: hadi safari ijayo asitafune baada ya Alasiri, ili usingizi ulindwe, na aandike katika daftari siku alizoweza na siku alizoshindwa. Asubuhi atakwenda kwa fundi wake kwa saa mbili tu. Mwezi ujao watatazama daftari pamoja.

Nilimwuliza daktari, pembeni, kama kuna matumaini. Alinijibu kwa uadilifu. Alisema tafiti za vijana wanaoingia matibabuni baada ya saikosisi ya kwanza zimeonyesha kwamba takriban nusu yao huacha kileo au hupunguza sana. Alisema pia kwamba mazungumzo peke yake hayafanyi miujiza, kuteleza ni sehemu ya njia, na wengine huchukua miaka. "Lakini mwaka jana," akasema, "aliteleza akapotea. Jana ameteleza akaja."

Na dini yetu je? Imamu wetu humsomea kijana kila Ijumaa, naye alituambia tangu mwanzo: kisomo kiendelee na sindano isikatwe. Mtume wetu (s.a.w.) alihimiza watu wajitibu, na waliotutangulia walilifahamu hilo vyema. Hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyokamilika mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Ile ya Edirne, Uturuki, iliyojengwa na Sultani Bayezid wa Pili mwaka 1488, iliwatuliza kwa sauti ya maji na muziki. Wazee wetu hao hawakumwuliza mgonjwa anastahili au hastahili. Katika Ramadhani, mama asimwache mtoto ajikatie dawa kwa ajili ya saumu. Amwulize daktari kabla ya mwezi kuandama kama zaweza kunywewa baada ya kufuturu na wakati wa daku, na ikiwa haiwezekani, mgonjwa ana ruhusa yake.

Kurudi

Dada zangu, nimewachukua mbali. Nikifupisha: ukiona mtoto wako ajitenga, halali, ashuku watu, asema na asiyekuwapo, usihesabu miezi kama tulivyoihesabu sisi. Anza na hospitali ya umma iliyo karibu nawe, na useme yote mawili, akili na kileo, bila kuona haya. Akikataliwa kwa sababu ya kimoja, omba kwa adabu uandikiwe barua ya kupelekwa mahali watakapovishughulikia vyote viwili, wala usitoke bila barua hiyo. Na akitaja kujidhuru au kumdhuru mtu, usingoje kesho.

Siku ya pili tulipanda basi la kurudi. Kabla ya Witu kulikuwa na kizuizi. Dada yangu alianza kumwambia, kama kawaida yake, "Mbele kuna askari, baba, watatazama kitambulisho tu," lakini kijana alikuwa ameshasimama. Aliteremka mbele yetu, akaonyesha kitambulisho, akangojea kando ya barabara kwenye kivuli cha mkwaju, mfuko wa mama yake begani. Alikuwa na usingizi machoni. Alipanda, akalala hadi Mokowe.

Daftari ninalo mbele yangu ninapoandika. Lina siku tisa. Sita ameandika "nimeweza", tatu ameandika "sikuweza". Pembeni mwa ukurasa amechora ua la mlango, kama yale yachongwayo Lamu.

Mwombeeni, nasi tuwaombee watoto wenu.

Wassalaam.